Rangi ya Milango ya Boma

Mpaka leo wako watu Mgori ambao hawapendi jina la Mughwai litajwe karibu na zizi lao. Amekwisha kufa, kaburi lake limeota nyasi za masika moja tu, na bado ukimtaja mbele ya mzee fulani utamwona anageuza kichwa kuangalia kama lango limefungwa. Yale niliyoyasikia nikikua, na yale niliyoambiwa baada ya mazishi na mjane wake Felista na rafiki yake Laurian, hayafanani. Nimeyapima yote mawili. Haya ndiyo ninayoyaamini.

Mughwai alizaliwa upande wa machweo wa msitu wa Mgori, kabla Wajerumani hawajaondoka. Alichunga ng'ombe wa baba yake katikati ya yale mawe makubwa ambayo kwetu yamelala kila mahali kama mifugo iliyoshiba, na kama wachungaji wote alichora juu ya mawe kwa mkaa. Wenzake walichora madume yanayopigana, na wasichana. Yeye alichora mahali. Alichora kilima, njia inayokizunguka, na nyumba ya tembe iliyo chini yake, halafu akaondoka na ng'ombe bila kumwita mtu aje kutazama.

Alipopata ujana alikwenda kufanya kazi ya kupaka chokaa katika misheni moja, safari ya mbali kidogo kutoka kwetu. Katika chumba cha padre palitundikwa picha ya milima yenye theluji na ziwa. Mughwai aliishusha ili apake ukuta, akaiweka sakafuni, kisha akachuchumaa mbele yake hadi chokaa ikaanza kukauka ndani ya debe. Padre alipomkuta alidhani kijana anataka kuiba. Mughwai akauliza ni mahali gani pale. Padre akajibu kuwa ni kwao. Mughwai akauliza tena kama aliyeichora alikuwa mtu anayekaa palepale, na padre akasema ndiyo, ni mkulima tu wa kijiji chao. Laurian anasema rafiki yake aliporudi Mgori jambo lililomkaa kichwani halikuwa theluji, ila kwamba mkulima amechora kwao na watu wakaona inafaa kutundikwa.

Hakuna aliyemfundisha. Udongo mwekundu aliuchukua palepale wanawake wanapochukua wa kupakia kuta. Nyeupe ilikuwa chokaa, nyeusi ilikuwa masizi ya vyungu vya Felista, na njano aliipata kwa kuchemsha mizizi ambayo hakuwa akiwaambia watu ni ya mti gani. Yote aliyachanganya na utomvu wa mgunga ulioyeyushwa katika maji ya moto, ili rangi ishike. Brashi zilikuwa nywele za mkia wa ng'ombe zilizofungwa kwenye kijiti, na mbao zilitoka kwenye masanduku yaliyotupwa nyuma ya maduka ya Singida mjini. Kitu kimoja tu kilimshinda. Bluu haimo katika udongo wetu. Mbingu zake za miaka ile zote zilikuwa za majivu, na mtu akiziona anadhani kwetu mvua inanyesha kila siku.

Sasa sharti nieleze desturi moja, maana bila hiyo mambo yaliyofuata yataonekana ya kipumbavu.

Mtu wa kwetu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote nyumbani. Mmoja atampeleka kwa shemeji yake, wawili kwa rafiki, mwingine ng'ambo ya mbuga kwa mtu ambaye hata watoto wake hawamjui. Anayewekewa hupata maziwa, na hupata samadi, na bila samadi shamba la uwele halizai chochote cha kusimulia. Mwenye ng'ombe hupata usalama: ugonjwa ukiingia zizi moja haumalizi mali yote, na macho ya wenye wivu hayajui pa kutua. Ng'ombe hupelekwa jioni, kwa njia ya pembeni. Huulizi mtu ana ng'ombe wangapi, na husimami kulikodolea macho zizi lake. Anayewekewa ng'ombe wengi ni mtu aliyeaminiwa, na huo ndio utajiri wa asiye na mali.

Mughwai alikuwa na ng'ombe mmoja tu wa kwake, jike jekundu ambalo pembe yake ya kushoto iliinama mpaka karibu na jicho. Lakini zizi lake lilijaa. Shemeji yake Antipasi, kaka wa Felista, alimwekea ng'ombe, Laurian alimwekea, na wengine kadhaa. Walimjua kuwa mtu wa maneno machache. Na mtu huyo huyo alikuwa akipanda juu ya mawe mchana kweupe, akiwa na ubao magotini, akiyakodolea macho mazizi ya watu kutwa nzima.

Walimvumilia kwa muda mrefu. Walisema ni wazimu wa chokaa aliotoka nao misheni.

Kisha ikaja miaka ya vita ya Hitla. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa Kiingereza, alipita Mgori katika safari zake, akapiga hema karibu na mawe, akamkuta Mughwai anachora. Ubao ule ulikuwa unaonyesha bonde zima, kutoka ukingo wa msitu hadi kilima cha pili, na nyumba zote, na ng'ombe wakirudi. Mzungu akautaka. Mughwai akampa. Aliulizwa anataka nini badala yake, na hapo, anasema Laurian ambaye alikuwepo, uso wake ulibadilika kama wa mtu mwenye njaa. Aliomba bluu. Siku chache baadaye tarishi alileta debe lililobaki nusu, rangi ileile waliyopakia milango ya boma, ofisi ya serikali pale Singida.

Mimi simwamini yule Bwana Shauri. Serikali inayomhamisha mtu shambani kwake bila kumuuliza jina haiombi picha ya shamba hilo kwa ajili ya kupamba. Labda aliipenda kweli. Lakini alijua pia ni picha ya nini, na aliyenyang'anywa vingi ana haki ya kuuliza hiki kimoja kinachukuliwa kwa nia gani. Ninachokataa ni kwamba swali lile lilipelekwa kwenye nyumba isiyohusika.

Mbingu ya Mughwai ikawa bluu. Alichora mbao mpya, akaziegemeza ukutani zikauke, na kila mpita njia akaiona ile rangi. Watu waliokwenda boma kulipa kodi waliijua mara moja. Minong'ono ilianza kisimani, na Felista ndiye aliyeirudisha nyumbani pamoja na mtungi. Alimsihi mumewe alitupe lile debe, au alifukie, au walau achore ndani. Mughwai aliendelea kukoroga.

"Mbingu haikutoka boma," alisema.

Baadaye Antipasi alikwenda Singida kwa kesi ya mpaka wa shamba. Alikaa kwenye baraza ya ofisi pamoja na wengine waliongoja kuitwa, na mlango ulipofunguliwa akaona, ukutani, nyuma ya kiti cha Bwana Shauri, bonde la kwao. Akaona kilima na tembe zake. Akaona ng'ombe mwekundu, mwenye mabaka, na mweusi mwenye paji jeupe akiingia katika zizi ambalo si la mwenyewe. Mlango ukafungwa. Antipasi hakungoja kesi. Alirudi Mgori anatembea kama mtu anayefukuzwa, na kila aliyekutana naye alimwambia jambo lilelile, kwamba ng'ombe wetu wote wako kwa Mzungu, ukutani, kila mmoja mahali alipofichwa.

Kesho yake alifika kwa Mughwai jua likiwa limepanda, kamba begani. Felista alimsalimia kaka yake, akamletea kigoda. Hakukaa.

"Nimekuja kumwangalia ng'ombe wangu," alisema.

"Mwangalie, shemeji."

"Nitamwangalia vizuri nyumbani kwangu. Hapa kwako macho ni mengi, atakonda."

Mughwai akamwambia kuwa katika picha ile hamna ng'ombe wa mtu. Antipasi akacheka. Alisema ameona kwa macho yake mawili, na kwamba shemeji yake amejifunza kwa Wazungu kuuza kitu na bado kukaa nacho. Akamfunga ng'ombe kamba, akamtoa kwa lango kubwa, akapita naye katikati ya kijiji watu wakiangalia.

Kwetu hakuna hukumu kubwa kuliko hiyo. Hakuna aliyemtukana Mughwai wala kumpiga. Walikuja tu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja na kamba yake, na kila mmoja alisema amekuja kumwangalia ng'ombe wake. Zizi likapungua mpaka mtu akawa anaona ukuta wa upande wa pili. Felista alijua maana yake vizuri kuliko mtu yeyote. Bila samadi ya ng'ombe wale, shamba lao lingekuwa mchanga baada ya mavuno mawili, na mtu asiyewekewa hata ng'ombe mmoja hana wa kumsaidia kulima wala wa kumzika. Wangelazimika kuhama kwenda kuanza upya kwa watu wasiowajua. Akabaki ng'ombe wa Laurian peke yake, pamoja na lile jike jekundu la pembe iliyoinama.

Na shuku, ikishaanza, haichagui nyumba. Watu walianza kufikiri: kama picha imemwonyesha ng'ombe wangu kwa Mughwai, haikumwonyesha pia yule niliyemweka ng'ambo ya mbuga? Na yule niliyemwekea, hataulizwa na kusema? Wakawa hawalali. Njia zote zikajaa ng'ombe wanaorudi kwa wenyewe. Wazee wanasema kabla ya hapo hawakuwa wamepata kuona Mgori kila mtu na mali yake yote nyumbani.

Mke wa Laurian, Magdalena, alimwuliza mumewe kila asubuhi anangoja nini, au anangoja picha ya pili. Laurian alikuwa akila chungu kimoja na Mughwai tangu wakichunga, lakini aliliona debe lile likija. Mwishowe akaenda kwa rafiki yake, akamwambia waziwazi kuwa atakwenda boma kuona mwenyewe, na akirudi atajua kama anakuja na kamba.

"Nenda," Mughwai alimjibu. "Lakini usiangalie ukiwa mlangoni. Ingia."

Laurian alikuwa na bahati. Bwana Shauri alikuwa safarini, na karani wa pale, Yohana, alikuwa mtoto wa binamu yake. Karani alimwamkia shikamoo, akasita, kisha akamruhusu aingie kwa dakika chache tu. Laurian akasimama mbele ya picha mpaka pua yake ikakaribia ubao. Alimtafuta ng'ombe wake. Aliwaona weusi, wenye mabaka, wekundu, mmoja mweusi mwenye paji jeupe, na kwanza damu ilimpanda, maana ni zizi gani Mgori lisilo na mweusi mwenye paji jeupe? Ndipo akaona pembe. Ya kushoto iliinama mpaka karibu na jicho. Akamtazama wa pili, pembe ya kushoto imeinama. Wote walikuwa hivyo. Ng'ombe wote wa bonde lile walikuwa ng'ombe mmoja, jike la Mughwai, aliyebadilishwa ngozi tu. Yule mtu alikuwa amechora bonde zima bila kugusa hata mfugo mmoja wa jirani.

Laurian ananiambia alicheka peke yake ndani ya ofisi ile, na kicheko kikamwisha alipogeuka. Mlangoni alikuwa amesimama Mathayo, jumbe wetu, aliyekuja boma kwa shughuli zake. Jumbe alimsabahi vizuri sana.

"Nasikia watu wanarudisha ng'ombe wao nyumbani," alisema Mathayo.

Laurian akasema hajui.

"Ni vizuri. Mtu akae na mali yake." Akatabasamu, akaingia kwa Bwana Mifugo, afisa wa ng'ombe ambaye miaka ile alikuwa akitafuta nyama ya kulisha askari, akafunga mlango.

Laurian alirudi mbio. Alikuwa na habari mbili, na aliipeleka kwanza ile yenye haraka: serikali inakuja kuhesabu ng'ombe wa kulisha askari, jumbe anajua kuwa wote wako nyumbani, watawanyeni tena leo hii. Alikwenda kwa Antipasi, akaenda kwa wengine. Nao walimsikiliza hadi mwisho, kisha wakamwuliza swali moja, ameyajuaje. Akasema alikuwa boma.

"Ndani?" aliuliza Antipasi.

"Ndani. Nimeiona picha kwa karibu. Wale ng'ombe wote..."

"Sisi tunakaa barazani," alisema Antipasi, "wewe unaingizwa ndani. Na unatoka na ushauri kwamba tuwapeleke ng'ombe njiani, ili waonekane vizuri."

Hakuna aliyemsikiliza kuhusu pembe. Laurian akaondoka na kwenda moja kwa moja kwa Mughwai, mikono mitupu. Hakuleta kamba. Aliketi kwenye kile kigoda alichokikataa Antipasi, akaomba maji.

Bwana Mifugo alifika na askari na jumbe kabla wiki haijaisha. Hakuhitaji mpelelezi wala picha. Alipita nyumba kwa nyumba asubuhi moja, ng'ombe bado hawajatolewa, na kila mtu alikuwa amesimama mbele ya mali yake yote, mali ambayo baba yake na babu yake hawakuwahi kuionyesha mahali pamoja. Mwenye wengi alitoa wengi. Walipelekwa mnadani kwa bei ambayo serikali ilijipangia yenyewe, ili wakawe nyama ya vita ambayo sisi hatukuianza. Antipasi alipoteza zaidi ya nusu. Kwa Mughwai waliona ng'ombe wawili, wakapita.

Mtu angedhani watu walielewa. Wapi! Walimtazama Mughwai na ng'ombe wake wawili ambao hawakuguswa, wakasema, mmeona? Wake wamesalia. Na wa rafiki yake, yule aliyeingia ndani, naye amesalia. Ushahidi gani mwingine unatakiwa? Nimewasikia watu wazima wakiusema huo upuuzi mwaka huu, wakati jumbe Mathayo alikufa anaheshimiwa, na hakuna aliyewahi kumwuliza alikuwa anafanya nini nyuma ya mlango ule. Mtawala hahitaji kutugawa siku zote. Siku nyingine anakaa kitini, tunajigawa wenyewe, tunampelekea na kamba.

Antipasi ndiye pekee aliyekuja. Alikuja jioni moja, giza likianza kuingia, kwa njia ya pembeni kama desturi ilivyo, akiongoza ng'ombe mmoja kati ya wachache waliombakia. Mughwai alimkuta nje ya lango. Alimwamkia, akamwuliza habari za watoto, kisha akamwambia hatampokea ng'ombe huyo.

"Ulimchukua jua likiwaka, watu wakiona," alisema. "Mrudishe hivyohivyo."

Antipasi akaondoka na ng'ombe wake. Felista alilia usiku huo, maana alihesabu kaka yake hatarudi tena, na shamba lilikuwa limekwisha kuonyesha udhaifu, uwele unatoka mwembamba kama nyasi. Alimwambia mumewe kuwa anachora vizuri lakini anaishi vibaya. Mughwai alikubali.

Palizi ikafika. Watu wote walikuwa mashambani, jua la utosi, Antipasi alipotokea kwenye njia kubwa na ng'ombe yule. Hakupita pembeni. Alipita katikati ya mashamba, watu wakasimama na majembe yao, mmoja akamwuliza kwa kejeli kama anampeleka boma akapigwe picha. Antipasi akamvuta ng'ombe mbele. Alifika kwenye lango la Mughwai, akalegeza kamba.

"Nimekuja kumweka ng'ombe wangu, shemeji."

"Mweke."

Wengine hawakuja kamwe. Mughwai aliishi na kufa Mgori akiwa na zizi la ng'ombe watatu na ndama zao, shamba dogo lililotosha samadi yao, na nyumba mbili tu ambazo watu wake waliingia kwake bila kubisha hodi. Aliendelea kuchora mpaka macho yalipoanza kufifia. Hakuchora tena ng'ombe. Ukitazama mbao za baadaye utaona mazizi matupu, lango wazi, na samadi iliyokauka, na wageni hudhani ni picha za mahame.

Picha ile ya boma sijui iko wapi. Maofisa hubadilishana, na labda mmoja wao aliondoka nayo Ulaya, na huko mtu anaiangalia akisema hawa ni ng'ombe wa Waafrika.

Felista amebakiwa na ubao mmoja, ameutundika juu ya mlango wa ndani. Unaonyesha bonde letu baada ya mavuno. Upande wa kushoto mbingu ni bluu, ile bluu kali ya milango ya serikali, na katikati inaanza kuchakaa, na upande wa kulia yote ni majivu. Nilimwuliza kama mumewe alitaka kuonyesha mvua inayokuja, au jambo lingine zito zaidi, maana nilikuwa tayari nimekwisha kulifikiria.

Alinitazama kama anayepima nauliza kwa nia gani.

"Rangi iliisha," alisema.